Mbunge wetu wa jimbo anakwenda Ottawa: amepanda cheo au ametukimbia?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, huu ni mwaka wa saba niko hapa Surrey, British Columbia, nafanya kazi ya kutunza wazee. Nimepata uraia na nitapiga kura kwa mara ya kwanza. Mbunge wetu wa bunge la jimbo ametangaza kwamba anaacha kiti chake cha Victoria agombee kwenda bunge la shirikisho, Ottawa. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp watu wamegawanyika. Wengine wanasema amepandishwa cheo, wakubwa wamemwita, na akishakuwa waziri wa shirikisho ataamuru hospitali zetu na mama yangu atafanyiwa upasuaji wa goti anaoungoja tangu mwaka jana. Wengine wanasema ni msaliti, na wanamtaja Ujjal Dosanjh, kwamba naye aliliongoza jimbo hili, kisha akahama chama na kupewa uwaziri. Kwetu Kenya nimezoea kuona gavana akimaliza muda wake anateuliwa waziri. Huku ni vilevile? Nimpigie kura? Na goti la mama nimpelekee nani?"*

Marahaba, binti yangu. Hongera kwa uraia, na pole kwa kumuuguza mama. Umeniuliza mambo matatu kwa pumzi moja: huyu bwana amepanda au amewatoroka, kura umpe au umnyime, na goti lipelekwe kwa nani. Najua la tatu ndilo linalokunyima usingizi, na nitalifikia. Lakini kuna jambo ambalo kikundi chenu kimelichanganya, wanaomsifu na wanaomlaani, na nisipolinyoosha kwanza hata jibu la goti halitakaa sawa.

Mmeichukua serikali ya jimbo kuwa ngazi ya chini na Ottawa kuwa ngazi ya juu, na mtu hupanda kutoka hii kwenda ile kama mwalimu mkuu anavyopandishwa kuwa afisa elimu wa wilaya. Sivyo ilivyo Kanada.

Neno jimbo lenyewe linatuponza sisi watu wa Afrika Mashariki. Mtanzania akilisikia anafikiria jimbo la uchaguzi, lile la mbunge mmoja. Mkenya anakumbuka mabishano ya majimbo tangu siku za uhuru. Tukisema mkoa ndiyo tunapotea kabisa, maana mkuu wa mkoa kule Tanzania huteuliwa na Rais, na Rais akitaka humwondoa kesho yake. British Columbia ina bunge lake lenye viti 93 pale Victoria, ina waziri mkuu wake, ina kodi zake, na hakuna mtu Ottawa mwenye uwezo wa kumfukuza waziri mkuu huyo au hata waziri wake mdogo kabisa. Hizi ni nyumba mbili katika uwanja mmoja. Kila moja ina mlango wake na ufunguo wake, na katiba ya mwaka 1867 ndiyo iliyogawa vyumba. Hospitali ziliwekwa upande wa majimbo, na shule vilevile. Leseni ya udereva, kodi ya nyumba unayopanga na sheria nyingi za kazi zako ni za jimbo. Pasipoti, uraia, bima ya kukosa kazi, jeshi na sheria ya jinai ni za shirikisho. Uhamiaji wanashirikiana, lakini Ottawa ndiyo yenye neno kubwa.

Kwa hiyo mbunge wenu hapandi. Anatoka nyumba moja na kwenda kubisha hodi nyingine, na hodi yenyewe si rahisi. Sheria ya uchaguzi ya shirikisho hairuhusu mtu aliye mbunge wa jimbo kusimama kuwa mgombea wa Ottawa, kwa hiyo lazima ajiuzulu kwanza. Akishajiuzulu hana mshahara wa ubunge na hana uhakika wa lolote. Anahitaji chama kimpitishe. Anahitaji watu wa eneo lile wamchague, na mipaka ya eneo la shirikisho si ile mliyoizoea, kwa kuwa British Columbia nzima ina viti 43 tu katika viti 343 vya Ottawa. Akishinda, chama chake nacho lazima kiwe ndicho kinachounda serikali. Hata hapo, waziri mkuu wa shirikisho ndiye anayechagua mawaziri, naye anapima mengi: nani anatoka magharibi, nani mashariki, nani anajua Kifaransa, wanawake wangapi. Anayewaambia kwamba tayari ana uwaziri mfukoni anawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kenya umeona kinyume chake, na wala hukosei. Salim Mvurya alimaliza mihula yake miwili ya ugavana wa Kwale mwaka 2022 na mwaka huohuo akaingia baraza la mawaziri. Hassan Joho, gavana wako wa zamani, akafuata mwaka 2024. Kwa katiba ya 2010 waziri wa Kenya hawi mbunge: Rais anamteua, Bunge linamhoji, anaapa. Kanada desturi inataka waziri awe ndani ya bunge na ajibu maswali humo uso kwa uso. Kwa hiyo gavana wa Kenya anaweza kuwa waziri bila kuomba kura hata moja zaidi, ila waziri mkuu wa jimbo la Kanada inabidi arudi kwa wananchi na kuanza upya kama mgombea yeyote.

Sasa huyo Dosanjh mnayerushiana. Ninyi mmebaki na mstari wa mwisho tu wa habari yake, kwamba alihama chama akapata uwaziri. Ngoja nikusimulie vizuri, kwa sababu safari yake inaonyesha karibu kila kitu unachoniuliza.

Alizaliwa kijijini Punjab, India. Mwaka 1964, akiwa kijana, akaenda Uingereza, na mwaka 1968 akafika British Columbia. Kazi aliyoipata ni ya kiwanda cha mbao. Kama hujawahi kuiona kazi ile, mbao mbichi zinatoka kwenye msumeno zikipita juu ya mnyororo unaotembea, nawe umesimama pembeni unazivuta kwa mikono, nzito na zimelowa maji, unazipanga kwa ukubwa, na mnyororo haukusubiri upumue. Mgongo wake uliumia. Akaingia chuo kikuu cha Simon Fraser, kisha akasoma sheria chuo kikuu cha British Columbia, na mwaka 1977 akawa wakili. Alijitolea kuwasaidia vibarua wa mashambani, wengi wao Wapunjabi, waliokuwa wakichuma matunda na mboga huko huko bonde la Fraser unakoishi wewe.

Februari 1985, baada ya kusema hadharani dhidi ya Masingasinga wenzake waliokuwa wakihubiri mapambano ya silaha, mtu alimvizia nje ya ofisi yake ya uwakili na kumpiga kwa nondo. Mkono ulivunjika, kichwa kikashonwa nyuzi zaidi ya 80. Miezi minne baadaye wenye msimamo huohuo wa silaha waliilipua ndege ya Air India na watu 329 wakafa, na wengi wakaelewa alichokuwa anakisema. Nakutajia haya kwa sababu wanaomwita mtu huyu mfuata upepo inawapasa wajue alilipa kiasi gani kwa kutoufuata.

Alikuwa ameshagombea ubunge wa jimbo mara mbili, mwaka 1979 na 1983, kwa tiketi ya chama cha NDP, na mara zote mbili alishindwa. Aliingia mwaka 1991. Mwaka 1995 akawa mwanasheria mkuu wa jimbo. Akiwa katika cheo hicho, Agosti 1999 alitangaza kwamba waziri mkuu wake mwenyewe, Glen Clark, anachunguzwa na polisi. Clark akajiuzulu. Mahakama ilimwona Clark hana hatia mwaka 2002, na haki inataka hilo lisemwe kila inapotajwa kesi hii, lakini ndani ya chama kidonda kile hakikupona. Februari 2000 Dosanjh alichaguliwa kuongoza chama na akaapishwa kuwa waziri mkuu wa British Columbia, mtu wa kwanza mwenye asili ya India kuongoza jimbo lolote la Kanada.

Hakudumu. Serikali ilikuwa imechokwa. Kabla hata ya siku ya kura alikiri hadharani kwamba chama chake kimeshindwa, akawaomba wananchi angalau wawaachie upinzani wa kutosha. Tarehe 16 Mei 2001 NDP ilianguka kutoka viti 39 hadi viti viwili. Wapinzani walichukua 77 kati ya 79. Kiti chake mwenyewe kilikwenda.

Miaka mitatu alikuwa nje, amerudi kwenye uwakili. Mwaka 2004 waziri mkuu wa shirikisho Paul Martin, wa chama cha Liberal, alimteua kuwa mgombea wa Vancouver South. Hapo manung'uniko yalikuwa ya pande mbili. Watu wa NDP walimwona ametema chama, na wanachama wa Liberal nao walilalamika kwamba wagombea wa British Columbia wanaletwa kutoka juu bila kura za mchujo. Malalamiko ya pili mimi naona yalikuwa na haki kabisa. Hata hivyo wananchi wa Vancouver South walimchagua tarehe 28 Juni, na tarehe 20 Julai akaapishwa kuwa Waziri wa Afya. Siku 22 tu! Mbunge mgeni kabisa wa Ottawa, wizara nzito namna ile. Hapa ndipo watu wanapoona "kupandishwa cheo". Ukweli ni kwamba Martin alihitaji mtu wa magharibi, na alihitaji mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza.

Waziri wa Afya wa shirikisho ana kazi ya ajabu kidogo, nayo ndiyo kiini cha jibu lako. Ottawa huhudumia makundi machache, kama wanajeshi na wafungwa wa magereza ya shirikisho, lakini kupitia wizara nyingine; yeye hana hospitali. Hawaajiri wauguzi wenu na hapangi foleni ya upasuaji. Anachoshika ni mambo mawili. Kwanza, Sheria ya Afya ya Kanada ya mwaka 1984, inayosema jimbo likitaka fedha za Ottawa lazima bima yake ya afya iwe ya umma, ihudumie wakazi wote, igharimie tiba zote za lazima, imfuate mtu akihamia jimbo jingine, na mgonjwa asitozwe fedha ya ziada mlangoni. Jimbo likiruhusu wagonjwa watozwe, Ottawa hulikata kiasi hichohicho, na British Columbia imewahi kukatwa. Pili, ruzuku yenyewe, mabilioni yanayokwenda kwa majimbo kila mwaka. Ottawa imeshika mkoba, jimbo limeshika mwiko.

Septemba 2004, hajamaliza hata miezi miwili ofisini, mawaziri wakuu wa majimbo yote walikutana na Martin mjini Ottawa kugombania mkoba huo. Kiti cha British Columbia alikikalia Gordon Campbell, yuleyule aliyemgaragaza 77 kwa 2. Walitoka na mkataba wa miaka kumi wenye dola bilioni 41 mpya, na ndani yake ahadi kwamba ruzuku ya afya itaongezeka kwa asilimia 6 kila mwaka. Kwa kubadilishana, majimbo yalikubali kupunguza foleni katika mambo matano: saratani, moyo, vipimo vya picha, macho, na viungo vya nyonga na goti. Soma tena hicho cha mwisho. Desemba 2005, Dosanjh akiwa bado waziri, majimbo yalitangaza vipimo vya muda wa kungoja, na kwa kubadilisha goti au nyonga wakaandika wiki 26. Kipimo anachopimiwa mama yako leo kilizaliwa katika mapatano yale.

Lakini angalia pia ambacho hakikuwezekana. Wiki 26 ni lengo. Jimbo likichelewa, hakuna askari wa Ottawa anayekuja kumkamata mkurugenzi wa hospitali. Waziri yule aliyeujua mfumo kutoka ndani, aliyekuwa ameongoza jimbo hilihili, hakuwa na uwezo wa kumsogeza mgonjwa mmoja mbele ya foleni ya Surrey. Na siasa ilimkuta. Serikali ya Martin ilikuwa ya wachache bungeni, ikitegemea kura za NDP ya shirikisho. Kiongozi wa NDP, Jack Layton, alidai hatua kali dhidi ya kliniki za kulipia. Dosanjh ndiye aliyezungumza naye, mwana-NDP wa zamani na chama chake cha zamani, na Layton akasema alichopewa hakitoshi. Novemba 2005 serikali iliangushwa kwa kura ya kutokuwa na imani, na Februari 2006 uwaziri wake ukaisha. Mwaka na nusu, basi. Aliendelea kuwa mbunge wa upinzani, mwaka 2008 akakiokoa kiti kwa kura 20 baada ya kuhesabiwa upya, mwaka 2011 akakipoteza.

Nisipokupa mfano wa upande wa pili utadhani kila anayetoka jimboni anabaki na moyo wa jimboni. Mtazame Jim Flaherty. Alikuwa waziri wa fedha wa jimbo la Ontario mwaka 2001 na 2002, enzi ambazo serikali ya Ontario ilikuwa ikilalamika waziwazi kwamba Ottawa haitoi fungu lake la afya. Aligombea kuongoza chama chake cha jimbo mara mbili, 2002 na 2004, akashindwa zote. Akajiuzulu bunge la Ontario, akagombea shirikisho kwa tiketi ya Conservative, akashinda tarehe 23 Januari 2006, na tarehe 6 Februari akaapishwa kuwa Waziri wa Fedha wa Kanada. Siku 14. Kiti alichokiacha Ontario alikishinda mkewe, Christine Elliott, kwenye uchaguzi mdogo wa mwezi Machi. Flaherty alikaa wizarani miaka minane. Ndiye aliyeshusha kodi ya mauzo ya shirikisho kutoka asilimia 7 hadi 5. Ile akaunti ya akiba isiyotozwa kodi, ambayo nakuomba uifungue kama bado hujafungua, ni yake. Hata senti moja ya shaba iliondolewa mikononi mwetu katika wakati wake.

Desemba 2011 mawaziri wa fedha wa majimbo walikutana naye Victoria, hapo hapo kwenye makao makuu ya jimbo lenu. Walidhani mazungumzo ya mkataba mpya wa afya ndiyo yanaanza. Aliwatangazia kwamba asilimia 6 itaendelea hadi mwaka wa fedha wa 2016-17, na baada ya hapo ongezeko litafuata ukuaji wa uchumi, lisishuke chini ya asilimia 3. Hakukuwa na majadiliano. Wengine walitoka wamefura hasira. Kwa hiyo asilimia 6 iliyopatikana Dosanjh akiwa Waziri wa Afya, mwana-jimbo mwingine aliipangia siku ya kufa. Flaherty hakuwa mtu mbaya, na hoja yake ya bajeti ilikuwa na mashiko. Ila alikuwa amehama nyumba, na mkoba aliokuwa akiudai zamani sasa alikuwa ameushika yeye.

Hili ndilo nataka ulibebe kwenye kikundi chenu. Uzoefu wa jimboni unampa mtu ujuzi, anajua mwenzake upande wa pili anafichia wapi hesabu. Lakini haumfungi awe wakili wenu. Kitakachomfunga ni mkoba wa nani ameshika na bosi wake ni nani.

Je, ni usaliti? Hapa kuna mambo mawili ambayo watu wanayafunga kitita kimoja. Kuacha kiti katikati ya muhula ni jambo moja. Mlimchagua kwa muda fulani, anaondoka kabla, na uchaguzi mdogo unagharimu fedha za umma. Una haki ya kukasirika, na una haki ya kumuuliza kwa nini hakungoja. Kuhama chama ni jambo jingine, na kabla ya kulitamka jua kwamba majina hudanganya. Kwa miaka mingi chama cha Liberal cha British Columbia hakikuwa na uhusiano wa kichama na Liberal ya Ottawa. Ndani yake walijaa watu ambao kwenye shirikisho wanapigia Conservative. NDP ndiyo iliyoungana, jimbo na taifa. Kwa hiyo mtu wa jimboni anaweza kusimama kwa jina jingine Ottawa na asiwe amebadilisha msimamo hata kidogo. Dosanjh alihama kweli, sikupambii. Nikipima yote, kiti chake cha NDP alikuwa ameshanyang'anywa na wapiga kura miaka mitatu nyuma, hakuwa na mtu wa kumtoroka, na alikwenda kuomba kura upya kwa jina jipya hadharani. Mtu anayechaguliwa kwa chama kimoja leo na kuvuka upande wa pili keshokutwa bila kuwauliza waliomchagua, huyo mimi namhesabu vingine.

Tena njia ya jimboni si ya lazima. Arif Virani alizaliwa Kampala mwaka 1971, akaletwa Kanada mtoto mchanga Idi Amin alipowafukuza Waasia, na akawa Waziri wa Sheria wa shirikisho mwaka 2023 bila kupita bunge la jimbo. Jenny Kwan, mmoja wa wale wawili wa NDP waliosalimika mwaka 2001, aliwahi kuwa waziri wa jimbo, akaenda Ottawa mwaka 2015, na hakuwa waziri kwa sababu chama chake hakikuunda serikali. Huyo wenu naye anaweza kukaa miaka kumi viti vya nyuma, safari ya ndege karibu saa tano kila anapokuja nyumbani, na bado akawa mbunge mzuri au mbaya.

Kura yako sitakuchagulia. Nenda kwenye mkutano wake, maana watakaribisha maswali, umwulize kwa utulivu: ni jambo gani hasa unataka kulifanya ambalo ufunguo wake uko Ottawa na hauko Victoria? Akikujibu "hospitali", mwambie akueleze kwa njia gani, kwa ruzuku au kwa Sheria ya Afya. Kama anaujua uwanja atakufafanulia kwa dakika mbili. Kama hajui ataanza kukusifia kanga yako. Mwulize pia atafanya nini chama chake kikiwa upinzani, na faili za watu aliokuwa akiwasaidia amezikabidhi kwa nani. Mchunguze na mgombea wa kile kiti alichokiacha. Serikali ya jimbo inatakiwa iitishe uchaguzi mdogo ndani ya miezi sita, na kwa hesabu ya goti la mama kura ile ni nzito kuliko hii ya Ottawa. Nashangaa hakuna aliyeitaja. Hakikisha jina lako limo kwenye daftari zote mbili, la shirikisho na la jimbo, kwa sababu ni taasisi mbili tofauti zinazoendesha.

Sasa goti. Nimefundisha madarasa ya uraia kwa wageni miaka mingi, na nimekaa mara nyingi kwenye ofisi ya mbunge wa shirikisho nikisaidia kutafsiri. Kila wiki anaingia mama mmoja, bahasha ya kaki ya hospitali ameikumbatia kifuani, amepanda mabasi mawili, na karani anamwambia kwa upole kwamba hapa siyo. Anatoka na bahasha yake vilevile. Sitaki mama yako awe huyo.

Anza na daktari wa familia. Mwulize maswali haya na uandike majibu: rufaa ilipelekwa tarehe gani, mpasuaji alimwona lini, na jina liliingia lini rasmi kwenye orodha ya upasuaji. Siku zinazohesabiwa na hospitali mara nyingi huanza kwenye tarehe ya mwisho, si ile mnayoikumbuka nyumbani. Mwombe aangalie kama kuna mpasuaji mwingine mwenye foleni fupi, kwa kuwa wizara ya afya ya jimbo hutangaza muda wa kungoja kwa hospitali na kwa mpasuaji kwenye mtandao wake. Mwambie mpasuaji kwamba mama yuko tayari kuitwa ghafla mgonjwa mwingine akiahirisha, kama kweli yuko tayari. Hali ikibadilika, daktari ana uwezo wa kuandika upya kiwango cha dharura, na hilo nalo humsogeza mtu mbele kihalali.

Mkikwama hapo, mamlaka ya afya ya Fraser ina ofisi ya kupokea malalamiko ya wagonjwa, na jibu lisipowaridhisha kuna bodi ya kulipitia. Ofisi ya mbunge wa jimbo nayo husaidia kufuatilia. Hata kiti kikiwa wazi, piga simu uulize nani anayashughulikia mambo ya wakazi kwa sasa. Ofisi ya mbunge wa shirikisho iwekee mambo yake: viza ya ndugu, pasipoti, pensheni ya uzeeni ya mama kama ameshatimiza miaka ya kukaa nchini.

Na usisubiri ofisi yoyote kama goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, mama akipata homa, au akishindwa kabisa kuukanyagia mguu. Hiyo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, mlango wa dharura. Ukiwa na shaka usiku, piga 8-1-1, muuguzi atapokea, na mnaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili ili mama ajieleze mwenyewe. Wewe kaa pembeni yake na ile karatasi ya tarehe.